Kuingia na Ishirini

Programu ya poker inapokuuliza utaingia mezani na kiasi gani, inakupa mstari wa kuvuta kwa kidole. Mwisho wa kulia ni mia, mwisho wa kushoto ni ishirini. Si shilingi hizo. Ni vile vidude vya duara ambavyo wenyewe huviita chipsi, na kwa kuwa chipsi ninazozijua mimi hutoka kwenye karai la mafuta, nitaviita vidude. Watu wanaojiheshimu huvuta mstari hadi kulia. Mimi kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nauacha kushoto, nikaingia na ishirini.

Nitaeleza mara moja tu, halafu tuendelee. Ukiwa na mia, kila karata ni mtihani. Unaweza kuongeza kidogo, ukangoja, ukatishwa, ukatisha, ukakaa na mtu mmoja katika mchezo mmoja hadi mkajuana tabia. Ukiwa na ishirini huna mambo mengi. Unatupa karata mbaya, unatupa na zile za wastani, unangoja. Zikija nzuri unasukuma vidude vyote katikati kwa mkupuo na kutazama pembeni. Ama vinaisha, na havikuwa vingi, ama vinakuwa arobaini. Vikiwa arobaini unaondoka. Huagi mtu. Wale wenye mia huwachukia watu wa namna hii, na mmoja aliwahi kuniandikia kwa Kiingereza kwamba mimi ni panya, naingia, nauma kipande, narudi shimoni. Nilicheka sana, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekalia katoni ya sumu ya panya.

Nilikuwa, na bado niko, mweka stoo katika duka la pembejeo mjini Kitale. Mbegu, mbolea, dawa za kupulizia, chanjo za kuku. Mwajiri wangu ni mzee wa Kisikh ambaye familia yake ilikuwa na duka hilo kabla mimi sijazaliwa, na sheria yake moja isiyobadilika ni kwamba saa saba duka linafungwa ili yeye akale kwake, na saa nane linafunguliwa. Wenzangu wawili wa kaunta huenda kula pamoja. Mwanzoni walikuwa wananiita. Nikasema leo nina hesabu ya stoo, kesho nikasema tumbo, na watu si wajinga, wakaacha kuniita. Nikawa nafungiwa ndani kwa hiari yangu, na ndizi mbili na simu, kati ya magunia ya mbolea ambayo harufu yake inakuingia hadi kwenye mate.

Poker niliipakua kwa makosa. Sisi tuliokulia huku tunajua poker moja tu, ile ya kutupa karata juu ya karata, ambapo ukitupiwa mbili unaokota mbili, na ukikaribia kumaliza lazima useme kwa sauti, "Niko kadi." Usiposema, hata kama una karata ya kumalizia mkononi, humalizi. Unaokota adhabu na kuanza kuhangaika upya. Tuliicheza Bokoli, huko Bungoma nyumbani kwetu, nyuma ya jiko la shule, na nimewahi kuona watu wazima wakikunjana mashati kwa sababu mmoja alidai alisema kadi na mwingine akadai hakusema. Kwa hiyo nilipoona neno poker nikajua nimepata mchezo wa utotoni.

Siku ya kwanza nilipewa karata mbili. Nikafurahi, nikadhani wengine wamegawiwa nne na mimi nimependelewa. Zote mbili zilikuwa sita. Kwetu sita mbili unaziangusha kwa pamoja na mchezo umeisha, kwa hiyo nikafanya kama mtu mwenye adabu. Nikatafuta mahali pa kuandikia, nikaandika: niko kadi. Kisha nikabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote, na vidude vyangu ishirini vikaenda katikati. Mtu mmoja wa mbali akaweka vyake. Karata zikafunguka zenyewe, sikuelewa hata moja, na nikaona nina arobaini. Wakati naangalia pa kutokea, upande wangu wa kushoto maandishi yakatokea.

"Wee bana, hii si hiyo poker," iliandikwa. Na kabla sijajua nijibu nini: "Usijari. Hata mimi nirianza hivyo."

Nirianza. Nilisoma neno hilo mara tatu. Kuna watu wengi duniani wanaojua Kiswahili, lakini watu wanaoandika nirianza wana kwao, na kwao ni kwetu. Tumechekwa kwa herufi hizo mbili tangu shule, tukaambiwa tunaomba kura badala ya kula, na mimi nilijitahidi sana kuzinyoosha hadi Kitale wakasahau nilikotoka. Sasa hapo, katika meza yenye Mreno na Mrusi na watu wenye majina ya nambari tupu, mtu alikuwa ameongea kama marehemu mjomba wangu. Nilicheka peke yangu kwa sauti, na sauti ikarudi kutoka kwenye magunia.

Nikamwandikia, "Bungoma?"

"Bungoma kabisa. Mulembe, jirani."

Mulembe ni salamu ya kwetu. Akawa jirani tangu siku hiyo, na mimi jirani yake. Jina lake pale mezani lilikuwa herufi chache zisizosomeka, na langu halikuwa bora. Meza zile za chini kabisa saa saba mchana huwa chache, ukitafuta unakutana. Nikawa naingia nikimtafuta.

Nilimjua vipande vipande, kati ya karata na karata. Aliwahi kuwa karani wa ofisi ya chifu, akastaafu. Simu alinunuliwa na mwanawe, na mchezo alifundishwa na mjukuu wakati wa likizo moja, mjukuu akarudi Nairobi, mchezo ukabaki. Habari za mkewe aliniandikia kwa maneno mawili tu, "mama arienda," na sikuuliza alienda wapi kwa sababu kwetu hilo haliulizwi. Yeye aliingia na mia kila siku. Alicheza polepole hadi Mreno analalamika. Alisalimia kila anayeingia na kumuaga kila anayetoka, kwa Kiswahili, iwe wanaelewa au hawaelewi. Akitupa karata mbaya aliandika "narara," na karata nzuri zikimjia pia aliandika "narara," na mara nyingi ilifanya kazi.

Siku moja akaniuliza, "Jirani, mbona unaingianga na kidogo?"

"Ndio nisipoteze sana."

"Si basi hata kushinda hushindi sana."

"Sikuji kushinda. Nakuja kukaa kidogo tu."

Akatupa karata zake kwanza. Kisha akaandika, "Na ukipata unatoroka. Hata kwaheri huna."

Aliandika kama utani na mimi nikaupokea kama utani, lakini nikashinda na neno hilo mchana kutwa nikipimia wakulima wa Moi's Bridge mbegu, hadi mmoja akaniambia nimempimia gunia lilelile mara mbili.

Kwa sababu hakuwa wa kwanza kuniambia. Mke wangu ni mwalimu. Alipohamishwa kwenda shule ya upande wa Bungoma alienda na watoto, mimi nikabaki na kazi yangu, na tukakubaliana nitakuwa naenda kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa naenda. Nilifika Jumamosi jioni baada ya kazi, na begi dogo, shati moja la kubadilisha, mswaki. Nililala usiku mmoja. Jumapili baada ya kanisa, watu wakiwa wameanza kuzoea kuniona, chakula kikiwa bado mezani, nilikuwa nimeshakamata begi. Sikuwa na mwanamke mwingine, na hilo ndilo lililomchanganya, maana angekuwepo angejua la kulalamikia. Nilikuwa naona tu kwamba siku imeenda vizuri, hakuna aliyegombana, mtoto amecheka, na moyo unaniambia ondoka sasa kabla haijaharibika.

"Wewe hata hilo begi hujawahi kufungua hapa," aliniambia mara ya mwisho, amesimama mlangoni, hana hata hasira. "Unakujanga tu kuangalia kama bado tuko. Si ni hivyo?"

Nilisema si hivyo. Ilikuwa hivyo. Miezi ikaanza kurukwa, mmoja, kisha miwili, na hakuna aliyetamka kwamba tumeachana. Watoto hunipigia simu wakihitaji kitu na hatujui la kusema baadaye. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimechoka kulipamba: nilikuwa mpweke, na upweke wenyewe niliutengeneza kwa mikono yangu, kidogo kidogo, kwa uangalifu mkubwa.

Kwa hiyo jirani aliponiandikia, baada ya miezi mingi ya saa saba, kwamba tuonane, nilipaswa kukataa kwa heshima. Nilikubali. Nilikubali haraka hata nikajishangaa. Alichagua hoteli ndogo nyuma ya soko la Bungoma, ile yenye meza zenye vitambaa vya plastiki na chai ya kuchemshiwa maziwa. Jumamosi saa nane. Yeye ataweka pakiti ya karata mezani, ili tucheze poker ya kweli, alisema, ile ya kwetu. Mimi nikasema nitavaa kofia ya kijani ya mbegu, zile kofia ambazo kampuni hutugawia madukani na zinazoonekana kutoka kilima cha pili.

Wiki hiyo niliishi vizuri. Nilinyoa. Nilimwomba mzee ruhusa ya Jumamosi, akanitazama juu ya miwani, maana sikuwahi kuomba ruhusa tangu aniajiri, akasema, "Harusi?" Nikasema naenda kumwona rafiki. Neno lenyewe lilinitoka vibaya, kama kitu cha kuazima. Akasema, "Vizuri, vizuri sana," na akaniambia nichukue na Ijumaa jioni nikitaka.

Nilifika Bungoma mapema, nikazunguka soko mara mbili. Saa nane na dakika chache nikafika mlango wa hoteli, nikamwona kabla ya kuingia. Mzee mwembamba, mrefu, suti ya kahawia iliyopigwa pasi hadi ikang'aa magotini. Pakiti ya karata ilikuwa mbele yake, imenyooshwa sawa na ukingo wa meza. Kulikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja mbele yake na kimoja mbele ya kiti kitupu, na sahani imefunika cha pili kisipoe. Nikafikiri, sasa jirani, nenda. Mguu ukainuka. Ndipo nikamwona kuku.

Alikuwa chini ya meza, jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, kichwa kimetoka kwenye mfuko, ametulia akitazama viatu vya watu. Jogoo wa nyumbani, si wa kununuliwa njiani, manyoya yake yalionyesha amefugwa muda mrefu. Nilijua ni wangu. Kwetu mgeni wa kweli hupewa kuku aende naye, na kuku wa namna hiyo hapokelewi kwa asante tu. Ukimpokea umekuwa mtu wa boma lile. Utarudi. Utaulizwa ulipo usiporudi. Watoto wako watajulikana, mkeo ataulizwa, utaitwa msibani na utakuja. Mzee yule alikuwa ametoka kwake asubuhi na mia zake zote, akazibeba hadi mjini kwa miguu yake ya uzee, na kuniwekea chini ya meza.

Mimi nilikuwa na mikono mitupu na nauli ya kurudi.

Nikavua kofia. Nikaikunja nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali, nikaingia na kuketi meza ya tatu kutoka yake, nikampa mgongo. Nikaagiza chai na mandazi, mtu tu aliyepita. Nilijiambia nitapumua kwanza, nimalize chai, nisimame, nigeuke, niseme. Nilitafuna andazi lile mpaka likawa udongo. Nyuma yangu nilimsikia mhudumu akimwendea.

"Mzee, hii chai ingine imepoa. Niondoe?"

"Wacha tu, mama. Mgeni wangu ako njiani. Ni mtu wa Kitare, si unajua barabara."

"Nikuletee ingine moto?"

"Akifika. Utaretea yeye."

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ya taratibu, kama alivyocheza. Nilikaa hapo labda nusu saa. Nilimsikia akichanganya karata, akizigonga mezani zikae sawa, akichanganya tena. Kisha nikalipa, nikatoka kwa mlango wa upande wa jikoni, na nilipofika barabarani nilikuwa natembea haraka kama mtu aliyeiba. Hakuna aliyeniita.

Jumatatu saa saba sikutaka kufungua simu. Nilikula ndizi zote mbili kwanza. Nilikuwa nimetunga uongo mzuri sana, wenye gari kuharibika Kamukuywa na simu kuzima, nikaupanga maneno yake. Nikafungua. Alikuwa pale, na mia zake, amemaliza kumsalimia Mreno. Nikaacha mstari kushoto, nikaingia na ishirini.

"Jirani," akaandika. "Urifika sarama?"

Nikaanza kuandika juu ya gari.

"Niriona kofia mfukoni," akaandika kabla sijamaliza. "Kijani kabisa. Nirijua ni wewe."

Nilifuta gari, nikafuta Kamukuywa. Kisha nikaandika kitu kimoja ambacho ningeona aibu hata kukisema mbele ya maiti. Niliandika, "Kwa nini hukuniita?" Kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Mrusi alisukuma vidude vyake, watu wakatupa karata, zamu ikazunguka.

"Kadi haisemewi, jirani," akaandika. "Mtu husema mwenyewe."

Halafu: "Nirijua nikikushika utatoroka. Nikasema wacha amarize chai. Rabda atageuka."

Nikauliza ujinga wa pili. "Na jogoo?"

"Jogoo ako. Nirirudi naye. Bado ni wako."

Wakati huo zamu ikawa yangu. Karata zangu zilikuwa nzuri, sikumbuki zipi, nakumbuka tu kwamba zilikuwa za kusukuma zote. Saa ndogo ikaanza kuzunguka kando ya jina langu. Nilitaka kwanza kumjibu, na jibu nililijua, lilikuwa maneno mafupi tu, nitakuja Jumamosi, nisamehe. Kidole kilikuwa juu ya herufi. Nilikuwa nimekalia gunia, niko macho, niko mzima, nikitazama, na saa ile ikaisha, na mashine ikatupa karata zangu, na chini ya jina langu ikaandika kwamba sipo. Jirani lazima aliona. Aliandika "haya, narara," na nafasi yake ikawa wazi.

Sijamwona tena pale. Nimekaa wiki nyingi nikimtafuta katika meza zote za chini, na za juu pia. Labda simu iliharibika, labda mwanawe alimchukua Nairobi, labda alichoka nami, na hilo la mwisho ndilo ningelifanya mimi. Nimeenda Bungoma Jumamosi mbili, nimevaa kofia kichwani, nikaketi meza yake na kuagiza chai mbili. Mhudumu alimkumbuka kwa ajili ya kuku, lakini hajui kwake. Jina lake sina, sikuwahi kuuliza, wala yeye langu. Jumamosi ya pili nilitoka hapo nikaenda hadi lango la nyumba ya mke wangu na begi, nikagonga. Aliangalia begi, akaangalia kofia. Alinifungulia. Nililala kwenye kiti, na Jumapili niliondoka wa mwisho kutoka mezani, na hilo ndilo nililoweza hadi sasa.

Saa saba bado nafungiwa stoo. Siku hizi nauvuta ule mstari hadi mwisho wa kulia, naingia na mia, na ninacheza vibaya sana, maana sikuwahi kujifunza. Nasalimia wanaoingia. Na kila siku kabla ya mzee kurudi kufungua duka naandika pale pa kuandikia, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye huenda anasoma na huenda hasomi: niko kadi. Jana mgeni fulani, wa kutoka wapi sijui, aliniuliza maana yake. Nikamweleza kadiri Kiingereza changu kilivyoweza, kwamba kwetu huruhusiwi kumaliza bila kuwaambia wenzako. Akanijibu kwamba basi nimekosea, huo ni mchezo mwingine.

Nikamwandikia kwamba najua, nikabaki nimekaa.